Joka Moja kwa Ng'ombe Wanne

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, na Karatu nzima inajua. Lakini siku ile Mzee Sylvesta alipotoa joka la dhahabu akapokea ng'ombe wanne, hata mtu mpole angepiga meza. Nilipiga meza mpaka kipanya cha kompyuta kikaanguka chini. Yeye akainama akakiokota, akakipangusa vumbi kwa mkono wa koti, akakirudisha mahali pake, akaniambia, "Binti yangu, taratibu. Utashtua ng'ombe."

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikiruka mtasema Judith ana mdomo tu.

Mwaka ule, 2007, nilikuwa na intaneti kafe Karatu mjini. Chumba kimoja, kompyuta tano, ukutani kalenda ya kanisa na tangazo la kukataza watu kula miwa ndani. Wateja wangu wakubwa walikuwa madereva wa utalii. Wakishashusha wageni lodge wanakuja kusoma imeili, wanalalamikia bei, wanalipa. Mtandao wenyewe ulikuwa wa kusuasua. Ukifungua picha ya mtu, unaweza kwenda kununua maandazi ukarudi ukakuta nywele zimeshatokea, uso bado uko njiani.

Ndiyo maana mchezo wa Boma ulitufaa. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, sisi tuliuita Boma. Ni mchezo wa kadi, ila kadi zake hazishikiki, ziko ndani ya kompyuta. Unajiandikisha, unapewa kadi thelathini za kuanzia, ukishinda unapewa nyingine, na nyingine unabadilishana na watu wa dunia nzima ambao hutawaona maishani mwako. Halafu hauna haraka. Kila mchezaji ana siku nzima ya kufanya zamu yake; ikimpita, amefungwa. Hata mtandao ukilala, ukiamka unakuta mwenzako bado anakusubiri.

Aliyeugundua alikuwa Cresensia, msichana wa Ganako aliyenisaidia kazi tangu siku niliyofungua. Mwembamba, mcheshi, mwepesi wa hesabu, na kwenye Boma alikuwa ananichapa mpaka namnyima chai. Agosti 2005 akaenda India kusomea ufamasia. Na hapo ndipo penye kidonda.

Nauli yake ilitoka kwa ng'ombe. Nyumbani kwao palikuwa na ng'ombe wa maziwa aitwaye Madoa, ambaye Cresensia alimkamua tangu yuko darasa la tano. Baba yake hakuitaka ile safari. Basi binti akamswaga Madoa alfajiri, akampeleka mnadani, akamuuza. Kumbe Madoa hakuwa wao. Wairaqw wa huku wana desturi ya kuazimana ng'ombe: mimi naweka wangu zizini kwako, wewe unakunywa maziwa na kupata mbolea, akizaa tunaelewana, na ugonjwa ukija haumalizi mali yote ya mtu mmoja. Madoa alikuwa wa mzee Clemensi, rafiki wa baba yake, wa upande wa Mbulu. Jumapili ile baada ya misa, mbele ya kanisa, watu wamejaa, Mzee Sylvesta akamwita bintiye mwizi. Kesho yake binti akapanda basi. Tangu hapo hakumwandikia baba yake hata mstari. Mama yake, Margareth, alipata habari kupitia kwa mjomba. Baba, kimya.

Sasa, Machi 2007, mvua zimeanza, tope la Karatu linavua watu viatu, mzee mrefu akasimama mlangoni kwangu. Koti zito, kofia ya sufi mkononi. Buti zake za mvua aliziacha nje kama mtu anayeingia msikitini, akaingia na soksi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Judith." Hakuwa anauliza. "Binti yangu alikaa hapa."

Nikamjua pale pale, wana paji la uso moja. Mimi sina ufundi wa kuzungusha maneno, nikamwambia, "Mzee, Cresensia huwa ananiandikia. Lakini nikikutaja wewe tu, ananinyamazia wiki tatu. Ukitaka tumwandikie imeili niko tayari, ila siahidi kwamba ataifungua."

Akatikisa kichwa. "Nikiandika, nitaandika nini?"

Kweli, angeandika nini. Mwanamume wa umri ule, mzee wa jumuiya, amwombe mtoto wake radhi kwa maandishi huku mimi namchapia.

"Ukiacha barua," akasema, "anapatikana wapi kwingine?"

"Yuko kwenye mchezo wa kadi. Kila siku anaingia."

"Huko wanaongea?"

"Hawaongei. Hakuna hata sehemu ya kuandika. Yeye anaweka kadi yake, wewe unaweka yako, basi."

Akavuta kiti. "Basi huko ndiko kwangu," akasema. "Nifundishe."

Kulikuwa na kikwazo. Mgeni kwenye Boma hupangiwa wageni wenzake tu. Ili umwite mtu unayemtaka lazima ufike daraja la tano, yaani uwe umeshinda michezo ishirini. Nilitegemea atakata tamaa. Akafikiri kidogo, akasema mahindi nayo yanachukua miezi mitano na hakuna anayeyapigia kelele.

Jambo la kwanza ni jina la kuchezea. Watu hujipa majina ya vitisho. Zablon, dereva mmoja wa utalii aliyeshinda kwangu kuliko kwa mkewe, alijiita Simba wa Kreta, kwa ile kreta anakopeleka wageni. Nikamwambia mzee naye achague lake. Akaandika kwa kidole kimoja, dakika kumi nzima: SYLVESTA WA GANAKO.

"Mzee, humu watu wanajificha."

"Mimi namtafuta mtu. Nikijificha, ataniona vipi?"

Nikaenda kuchemsha chai.

Sheria nilimpa hivi, na kama na wewe ni mgeni, sikiliza hapo hapo. Kila mtu ana boma lake, na boma lina uhai ishirini. Ukimaliza uhai wa boma la mwenzako, umeshinda. Unaanza na kadi tano unazozichagua mwenyewe, halafu kila zamu unavuta moja kutoka kwenye kikosi chako, na unapewa nguvu za kutumia: zamu ya kwanza nguvu moja, ya pili mbili, inapanda hivyo hivyo. Kila kadi ina bei yake, imeandikwa pembeni juu. Mbwa anakula nguvu moja, askari tatu, joka saba. Chini ya kadi kuna namba mbili. Ya kushoto ni pigo lake, ya kulia ni uhai wake. Adui akija, una hiari: umwache apige boma, au umsogeze mnyama wako mbele apigwe yeye. Na kuanzia daraja la tano, ukishinda michezo kumi ukiwa na kadi fulani uwanjani, mchezo unakupa kadi ndogo ya jamii yake. Kwa askari unapata kuruta, kwa mbwa unapata kitoto cha mbwa.

"Anazaa," akasema mzee.

"Tuseme anazaa."

"Ng'ombe yupo?"

Yupo, na ndiye kadi ya ovyo kuliko zote. Bei yake nguvu moja, pigo sifuri, uhai mbili. Faida yake ni kwamba kila zamu akiwa hai anakuongezea nguvu moja. Lakini watu hawana subira, wanamwona anajaza nafasi, wanamfuta. Kwenye zile kadi thelathini za mzee alikuwemo ng'ombe mmoja, mweupe mwenye mabaka meusi. Mzee akamtazama muda mrefu, akamwita Madoa. Nikajifanya sikusikia.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mzee alifungwa michezo sita mfululizo, na yote kwa kosa lile lile: hakukubali ng'ombe apigwe. Askari wa adui wanakuja, boma lake limebaki na uhai tatu, ng'ombe amesimama pale bure, mimi namwambia, "Mzee, msogeze ng'ombe mbele!"

"Afe?"

"Ndiyo afe, si kadi?"

"Halafu kesho nitakamua nini?"

Anafungwa, anavaa kofia, anachukua buti zake, anaaga. Anapanda kilima kurudi Ganako kwenye ile mvua. Keshokutwa yuko mlangoni tena. Mimi nilikuwa naumwa na kichwa kwa niaba yake.

Mchezo wa saba akashinda, kwa bahati, nadhani mwenzake alisahau zamu yake. Zawadi ya ushindi wa kwanza ni pakiti ya kadi tano usizozijua. Tukaifungua wote tumekodoa macho. Ya tano ikaja polepole kwa ule mtandao wetu, kwanza mkia, halafu bawa, halafu ukingo wa dhahabu. Joka la dhahabu. Kwa miaka mitatu nilikuwa nalitafuta sijalipata. Zablon aliruka kutoka kompyuta namba moja akaja kusimama nyuma yetu, anahema.

Mzee akaniuliza, "Linakula nini hili?"

"Nguvu saba."

"Linatoa nini?"

"Halitoi kitu, mzee. Linaua."

"Sasa la nini?"

Mimi nikatoka kidogo kwenda kumfungulia mteja. Sikukaa hata dakika tano. Niliporudi Zablon anacheka peke yake kama mwehu, na mzee ameshabonyeza kukubali: joka la dhahabu kwenda kwa Simba wa Kreta, ng'ombe wanne kuja Ganako. Hapo ndipo nilipopiga meza. Nilimwita Zablon majina ambayo siwezi kuyarudia, maana mama mchungaji ni jirani yangu. Nikamgeukia na mzee, nikamwambia amedhulumiwa mchana kweupe.

"Mimi?" Mzee alishangaa kabisa. "Judith, kijana amenipa ng'ombe wanne wenye afya kwa nyoka mmoja anayekula saba. Mimi namwonea huruma yeye."

Nikaapa sitamfundisha tena. Nikamfundisha kesho yake.

Na nilivyoendelea kumtazama, nikaanza kunyamaza. Mzee alikuwa na ng'ombe watano. Zamu tatu za mwanzo anawatoa ng'ombe tu, anawazungushia mbwa wa bei rahisi, anakubali boma lipigwe kidogo. Mwenzake anamwona mjinga. Kufika zamu ya tano mwenzake ana nguvu tano, mzee ana kumi. Hapo anatoa mbwa, askari na wazee wa fimbo kwa mkupuo mmoja, na mwenzake haelewi wametoka wapi. Siku moja mgeni aliyepangiwa aligeuka kuwa Zablon mwenyewe, ambaye alikuwa amejiandikisha upya kwa jina jingine ili aonee wanyonge, na joka akalihamishia huko. Joka likakaa mkononi mwake zamu sita, hana nguvu za kulilipia. Lilipotoka, boma lake lilikuwa limebaki na uhai mbili. Mzee akalimaliza kwa mbwa.

"Unaona," akamwambia Zablon bila kejeli yoyote, "ungebaki na ng'ombe ungeweza kulilisha."

Zablon hakuja kwangu wiki nzima. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Julai mwishoni akashinda mchezo wa ishirini. Daraja la tano. Nikamwonyesha kitufe cha kumwita mtu, tukaandika jina la Cresensia la kuchezea, likatokea, likiwa na taa ya kijani kuonyesha yumo. Mzee aliangalia ile taa kama dakika tano. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya haubonyezi.

"Akikataa?" akauliza.

"Akikataa utamwita tena kesho."

Akabonyeza. Siku ya kwanza hakuna jibu. Ya pili hakuna. Ya tatu taa ya kijani inawaka, kwa hiyo wito ameuona, na jibu hakuna. Mzee alikuja siku zote tatu. Ya tatu aliondoka bila kuaga, akarudi kutoka njiani kuniaga, akasema samahani. Usiulize nilivyojisikia.

Siku ya nne asubuhi nafungua, nakuta amekubali, na zamu yake ameshacheza. Nilimtuma mtu wa pikipiki Ganako, nikalipa mwenyewe. Mchaga kama mimi kulipia pikipiki ya mtu mwingine, ujue jambo limemfika.

Walicheza wiki moja na nusu, zamu moja moja. Akamchapa baba yake vibaya. Yule msichana hana mchezo, huruma anaacha mlangoni. Lakini nikaona kitu. Alikuwa na wapiga mishale watatu, na mishale inaruka mbwa na kupiga mnyama yeyote unayemtaka. Angemaliza ng'ombe wote kwa zamu mbili na mzee angebaki mkavu. Hakuwagusa. Alipiga askari, akapiga mbwa, akapiga boma mpaka sifuri, na ng'ombe wote watano bado wamesimama.

"Umeona?" mzee akaniambia. Uso wake ulikuwa unang'aa, mtu aliyefungwa. "Hajagusa hata mmoja."

Wakacheza tena, akafungwa tena. Mara ya tatu hivyo hivyo. Baada ya ule wa tatu mzee hakuinuka. Nilikuwa nafagia, akaniita nikae.

"Judith, mimi sikumwambia."

"Hukumwambia nini?"

"Kwamba Madoa ni wa Clemensi. Kwetu hatutangazi. Ng'ombe akiwa zizini kwako unanyamaza. Ukianza kusema huyu wangu, huyu wa fulani, watu wanajua una wangapi. Hata Margareth hakujua. Sasa mtoto angejua vipi? Alijua anauza ng'ombe wa nyumbani kwao, aliyemlea kwa mikono yake." Akaikunja kofia yake. "Clemensi nilimpelekea mitamba wawili, tukayamaliza siku ile ile, tukanywa. Yeye alicheka. Mimi ndiye nilimwita mtoto mwizi, kwa kitu nilichomficha mwenyewe."

Nililia. Nasema wazi nililia, mpaka mteja wa kompyuta namba mbili akauliza kama mtandao umekatika.

"Humu ndani," mzee akasema, "kuna kuazimishana?"

Ilikuwepo. Unachagua kadi, unachagua mtu, anaitumia kama yake mpaka aamue kuirudisha. Hakuna niliyewahi kumwona akiitumia, nani wa kumwamini mtu hivyo. Nikamwambia mzee nguo ya kuazima haisitiri matako. Akaniambia hiyo ni methali ya watu wa nguo.

Akamchagua Madoa, yule wa mwanzo. Akamchagua Cresensia. Nikamwonyesha kwamba kadi ya kuazima huandikwa chini yake jina la mwenyewe, kila anayeitazama anaona: Mali ya Sylvesta wa Ganako. Akasoma mara mbili, midomo inacheza.

"Safari hii imeandikwa," akasema, akabonyeza.

Kesho yake tukamkuta Madoa uwanjani, upande wa Cresensia, zamu ya kwanza kabisa. Mzee alicheka kicheko ambacho sikujua kama anacho. Toka Septemba mpaka Novemba wakacheza, na Cresensia akacheza na wengine pia, na kila mchezo niliochungulia nilimkuta Madoa amesimama nyuma kabisa, amezungukwa na askari, hakuna wa kumfikia. Michezo ya yule msichana ilianza kufanana na ya baba yake.

Halafu Novemba, siku ya Jumatatu, mzee anafungua, anakuta vitu viwili vinamsubiri. Madoa amerudishwa. Na pembeni yake zawadi, kadi ndogo: ndama. Cresensia amefikisha naye michezo kumi ya ushindi.

Nilipiga kigelegele. Nikamkumbatia Zablon, ambaye nilikuwa bado nimemnunia. "Mzee, yamekwisha! Ameleta ng'ombe na ndama wake!"

Mzee hakucheka. Alikaa akitazama zile kadi, akashika kipanya, akabonyeza mara mbili. Madoa na ndama, wote wawili, wakarudi India.

Jamani. Mimi sijui hata nilisema nini. Najua nilimuuliza kama amerogwa. Najua nilimwambia miezi minane ya tope na soksi ameitupa chooni, kwamba mtoto amenyoosha mkono na yeye ameusukuma, na kwamba kichwa chake kigumu kuliko mawe ya Endoro. Akaniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ng'ombe wa watu akizaa," akasema, "habari haitumwi. Unakwenda mwenyewe, kwa miguu yako. Unasimama uani, unamwambia mwenye mali: ng'ombe amezaa. Yeye anauliza: amezaa nini? Unamjibu. Hapo ndipo mnakaa, mnakunywa, mnaongea. Cresensia anajua. Tangu mdogo ameona watu wakija kwetu hivyo."

"Mzee, ni India."

"Najua ni India."

"Na kama akidhani umemkatalia?"

Akainuka kwenye kiti. "Basi nitakuwa nimempoteza mara mbili," akasema. Akavaa kofia.

Taa ya kijani ya Cresensia ikazimika wiki ile. Nikamwandikia imeili mbili, hakujibu. Kwenye mchezo ilianza kuandikwa: hajaonekana siku saba, hajaonekana siku kumi na tano, siku ishirini na tisa. Mzee aliendelea kuja. Alicheza na watu wengine, Mholanzi mmoja hasa, na kabla ya kuanza alikuwa anaangalia ile namba ya siku. Mimi nilijifunza kunyamaza, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikuwa naenda nyuma kumtukana Zablon, nikitulia narudi.

Ikafika Desemba tarehe ishirini na mbili, Jumamosi. Wachaga wote wa Karatu walikuwa wameshakwenda Moshi kula Krismasi. Mimi nilikuwa na tiketi ya tarehe ishirini, sikupanda. Mama alinipigia simu kutoka Machame akauliza kama nimeolewa kwa siri. Nikamwambia nina mteja.

Mteja wangu alikuwa kompyuta namba tatu, na soksi, amemwinamia Mholanzi wake. Umeme ulikuwa umekatika jana yake kutwa, kwa hiyo saa yake ya zamu ilikuwa inakwisha. Zilibaki dakika nne na alikuwa karibu sana kushinda. Ng'ombe wanne uwanjani, nguvu kumi na moja. Alikuwa anachagua.

Nikasikia kitu mlangoni. Nikageuka. Msichana mwembamba, begi kubwa la magurudumu lenye vumbi la kutoka Arusha, amesimama nje anatazama buti za mvua zilizopangwa pembeni ya mlango. Alizitazama sana. Kisha akavua viatu vyake, akaviweka sambamba na zile buti, akaingia.

Mimi, Judith, sikutoa sauti. Andika hiyo mahali.

Akapita mbele yangu, akanishika bega, akaenda akasimama hatua mbili nyuma ya kiti cha baba yake.

"Shikamoo baba."

Mzee hakugeuka. Mkono ulisimama juu ya kipanya. Kwenye kioo saa inahesabu, dakika mbili na sekunde kumi.

Cresensia akasogea hatua moja. "Baba, nimekuja kukuambia. Ng'ombe amezaa."

Nikaona mabega ya mzee yanapanda na kushuka.

"Amezaa nini?" akauliza, bado anatazama mbele.

"Jike."

Ndipo akageuka, akainuka, mzee yule mrefu na soksi zake zenye tundu kwenye kidole gumba, akamshika binti yake kichwa kwa mikono miwili.

"Mwizi hakuwa wewe," akamwambia. "Ni mimi nilificha. Karibu nyumbani, mama yangu."

Nyuma yao saa ikafika sifuri na mchezo ukapiga kengele yake ndogo. Mzee alishindwa na Mholanzi siku ile, akiwa na ng'ombe wanne na nguvu kumi na moja, na hakuuliza habari zake mpaka Januari. Mimi nilifunga kafe saa tano asubuhi, tukatoka wote kutafuta gari la kwenda Ganako, na Zablon ndiye aliyetupeleka.